Maji ya Rangi ya Chai

Mimi ndiye niliyeziba mfereji wa kupunguza maji kwenye bwawa la Guka Theuri. Nianze hapo, kwa sababu watu wa kwetu wamesimulia habari hii kwa miaka miwili na kila mmoja ana mshukiwa wake: wengine wanasema ni fuko, wengine nyasi zilizooza, na kuna mama mmoja wa kanisa anayesema ni shetani. Shetani wa watu hakuwa hata karibu. Ni mimi, Wachira, mwanafunzi wa Kidato cha Pili wakati huo, niliyechukua magunia matatu ya mama yangu, yale ya unga wa ng'ombe, nikayajaza udongo, nikayapanga pale maji yanapotokea, halafu nikayakanyagakanyaga juu kama mtu anayecheza kwenye harusi. Nilitaka bwawa lijae. Nilitaka kina cha kutosha ili nikijirusha kutoka kwenye ubao wetu nisifike kwenye matope. Hiyo tu. Wengine hufanya ujinga kwa sababu kubwa kubwa. Wangu ulikuwa wa kupiga mbizi.

Ninaandika kwa sababu Guka Theuri tulimzika likizo iliyopita. Hakuwa babu yangu. Huku Mukurweini kila mzee mwenye mvi na fimbo ni guka wa kila mtu. Baada ya mazishi tulipanga foleni chini ya hema kungoja chakula: wali, mukimo, kabichi, na kipande cha nduma, yaani gimbi, kando ya sahani. Mama aliyekuwa akipakua aliniona nimevaa sweta ya shule akaniongezea kipande cha pili. "Kijana, kula nduma, ikupe nguvu ya mtihani." Nilishukuru, nikaenda kuketi karibu na Muriuki, rafiki yangu tangu chekechea, nikaona yeye nduma yake ameshaisukuma mpaka ukingoni mwa sahani. "Bado huwezi kuzila?" nikamuuliza. "Bado," akasema. Kutoka pale tulipoketi ungeweza kuliona bwawa, limetulia kama halijawahi kumfanyia mtu chochote, na chini yake mteremko ulioota nyasi ambapo zamani palikuwa na shamba la mama. Mimi ni mtu wa kuchekesha matangani. Nimewahi kuwafanya wabeba jeneza wacheke. Siku hiyo watu walimsifu marehemu kwa maji aliyowapa majirani bila kuwauliza kitu, na mimi nikaketi pale na nduma zangu mbili kama mtu aliyekamatwa na kiberiti mkononi.

Bwawa lenyewe si kubwa. Guka alilichimbisha zamani kwa ajili ya ng'ombe wake na mboga, akakinga bonde dogo kwa ukuta wa udongo, akapanda nyasi juu yake. Upande wa kulia kuna mfereji mpana usio na kina, umejaa nyasi fupi, na maji yakizidi hupitia pale yakazunguka ukuta na kuteremka taratibu mpaka mtoni. Ukiutazama huwezi kudhani una kazi. Unafanana na mahali ambapo mtu alianza kulima akachoka. Jumapili baada ya kanisa Guka alituruhusu kuogelea, lakini kwa masharti yake, ambayo alikuwa akiyarudia huku ameketi kwenye kigoda, amevaa gambuti: kamba yenye mitungi ya manjano isivukwe na mtu, kwa sababu ng'ambo yake matope humshika mtu miguu, asiingie mtu kama hakuna mtu mzima ukingoni, na mfereji usiguswe, hata kwa mchezo. "Nyinyi mnaogopa mamba," alituambia mara moja. "Hapa mamba hakuna. Hapa muogope matope na muogope huyu," akaupiga ukuta kwa fimbo. Muriuki akauliza kwani ukuta unauma. Tulicheka mpaka tukanywa maji. Mimi hata niliigiza ukuta ukimuuma mtu. Guka alinitazama tu, hakucheka, na nikamwona mzee asiyejua mzaha.

Mzaha wangu wa Januari ile ndio ulioniharibia jina. Niliacha viatu na shati langu ukingoni, tukajificha nyuma ya miti, Muriuki akapiga kelele kwa sauti ya kike, "Wachira amezama! Woi, Wachira!" Mama alikuwa chini shambani. Alipanda ule mteremko na jembe mkononi, akaanguka, akainuka, leso imemtoka kichwani, na alipofika majini hakusimama, aliingia na viatu vyake, akaenda mpaka kwenye kamba, maji yakimfika kifuani, na mama hajui kuogelea. Nilitoka mafichoni nikisema, "Surprise!" Neno lenyewe liliniishia mdomoni. Hakunipiga. Alitoka majini, akaketi kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja na kumwaga maji, halafu akavua kingine. Kelele zote alizonipigia maishani sizikumbuki. Ninachokumbuka ni yale maji yakitoka kwenye kiatu.

Shamba la mama lilikuwa chini kabisa ya ukuta. Ardhi ya Guka, lakini alimwachia mama alime kwa sababu pale udongo haukukauka hata jua liwake vipi, na nduma hutaka miguu yake iwe kwenye maji. Kulikuwa na mahali maji yalichuruzika kutoka kwenye ukuta wenyewe, kidogo tu, safi, na mama akayachimbia kijia yapite katikati ya mistari. Nduma zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba akina mama walikuja kuomba mbegu. Walisema ana mkono mzuri. Hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi. Maji ni baraka. Baraka nani huiuliza?

Guka ndiye aliyeuliza. Alikuja kwetu jioni moja mwezi wa tatu, mama akamkaribisha jikoni karibu na moto, akampa chai na nduma iliyochemshwa, na mimi nikiwa chumba cha pili nikijifanya ninasoma Jiografia niliwasikia kupitia mbao. Guka alisema zamani kulikuwa na mkaratusi kwenye ule ukuta, akaukata, na sasa anahisi mizizi imeoza ndani ikaacha tundu.

"Mama Wachira, hiyo shamba nitakutafutia ingine huku juu."

"Guka, na hizi nduma vile zimefanya vizuri? Wacha nivune kwanza."

"Vuna. Lakini unisikize. Maji ikitoka safi, hiyo ni jasho tu ya ukuta. Siku itatoka na rangi kama ya hii chai," na nikasikia kikombe kikigongwa kwa kucha, "ujue inabeba udongo wa ndani. Usingoje kuchukua jembe. Usingoje kuchukua kitu. Panda juu."

"Sawa, Guka. Ongeza chai."

Nilicheka peke yangu kule chumbani. Kesho yake nilimwigiza Guka mbele ya darasa zima, kikombe na kucha na yote, na watu wakashika mbavu.

Mvua za Aprili zilikuja tukiwa likizo. Bwawa lilijaa vizuri, lakini kila likifika kiwango fulani maji yalianza kupitia kwenye mfereji, yakaenda zake. Mama mwenyewe alikuwa akipita pale akisikitika, "Ona maji inamwagika hivi, na kiangazi itakuja tulie." Watu wote walisema hivyo. Kwa hivyo nilipobeba magunia sikujiona mhalifu, nilijiona mhandisi. Tulikuwa tumewaalika vijana wa ng'ambo ya mto kwa mashindano ya kujirusha Jumamosi, na ubao wetu tulikuwa tumeufunga kwenye kigogo kwa waya. Muriuki alinishikia magunia wazi nikitia udongo. Aliniuliza mara moja tu, "Na Guka?" Nikamjibu kwa sauti ya Guka, "Muogope huyu!" Akacheka, tukamaliza. Tuliyafunika kwa nyasi vizuri sana. Nikifanya ujinga huwa ninaufanya kwa usafi.

Mama alitafuta magunia yake wiki nzima. Alikuwa ameyashona viraka kwa uzi mwekundu, na aliyahesabu kama watoto. "Wachira, hujaona gunia zangu?" "Hapana, Mama." "Ati zimeota miguu?" "Labda ng'ombe amezikula, zilikuwa na harufu ya unga." Alitikisa kichwa akaendelea kukata nepia, nyasi za ng'ombe wetu. Huku mvua ikinyesha kila alasiri, na maji yakipanda. Siku ya kwanza nilifurahi. Ya pili nikajirusha mara nyingi, sikugusa chini. Halafu nikaenda asubuhi moja nikakuta ubao wetu hauonekani. Uko chini ya maji. Kati ya maji na sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa imebaki nafasi ya mkono wangu, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, na ukuta ule ambao nimeukimbilia juu maisha yangu yote nilipoukanyaga ulikuwa laini. Sijui nieleze vipi. Ulikuwa laini kama mkate uliolowekwa.

"Tutoe," Muriuki alisema. Hakuwa anacheka tena.

"Baada ya Jumamosi."

"Wachira, tutoe leo."

"Tukitoa mchana Guka atatuona. Unataka tuitwe mbele ya kanisa?"

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na nataka niieleze vizuri kwa sababu haikuwa ile hofu ya kushtuka. Ilikuwa ya kukaa nayo mezani. Mvua ilipoanza kupiga mabati tukila githeri, kijiko changu kilisimama. Mama alinimiminia chai, nikatazama rangi yake nikaiweka chini. "Siku hizi chai imekukosea nini?" Nikasema ina moto. Niliutafuta mzaha wa kusema nikaukosa. Kichwani mwangu palikuwa na kikombe na kucha tu. Ningeweza kumwambia wakati huo. Alikuwa pale, upande wa pili wa sufuria, anakwangua ukoko. Ningesema maneno matano. Nilichosema ni kwamba githeri imekosa chumvi.

Ijumaa hakukunyesha. Jua lilitoka kali, mama akasema huo ndio wakati wa kwenda kuchimba nduma za soko, akachukua jembe na karai, akashuka. Nilimngoja apotee kwenye kona nikakimbia kwa njia ya juu, peke yangu, kwa nia ya kutazama tu. Maji yalikuwa yamefika. Yalikuwa sawa na ukuta kabisa, na upepo ukivuma yanalamba upande wa pili. Nikainama kutazama chini. Mama alikuwa katikati ya nduma zake, ameinama, mgongo kwangu, na majani yanamfika kiunoni. Na kile kijia cha maji alichokichimba, kinachopita karibu na miguu yake, kilikuwa na rangi ya chai. Chai ya maziwa. Kilikuwa kimepanuka, na pale kinapotoka kwenye ukuta maji yalikuwa yakiruka kidogo, kama yanayotoka kwenye bomba la jikoni.

Sasa ngoja niseme nilichofanya, kwa mpangilio wake. Nilikimbilia magunia. Nilijiambia ninafungulia maji yapite, na ni kweli yalianza kupita, lakini anayefungulia maji huyatupa magunia popote na kwenda zake. Mimi niliyavuta moja baada ya jingine, nikayamwaga udongo, nikayakunja, yakiwa na ule uzi mwekundu nje nje, nikayaburuta mpaka kwenye kichaka na kuyasukumia ndani kabisa, nikachuma majani nikayafunika. Moja lilinitoka mikononi mara mbili, nikaliokota. Muda huo wote mama yangu alikuwa kule shambani, chini ya ukuta ule. Nilipomaliza ndipo nikasimama juu ya ukuta nikaita.

"Mama! Mama, toka! Dam inapasuka!"

Hakuinua kichwa. Alipiga jembe.

"Mama, haki ya Mungu! Toka huko!"

"Na leo ni nani amekufa?" alisema, bado ameinama. Hakupaza hata sauti. Niliisikia vizuri kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa maji.

Nilishuka. Sikumbuki nilishukaje, nilikuja kuona baadaye kwamba nilikuwa nimechubuka mgongo mzima. Nilimfikia, na mimi Wachira, mdomo wa shule nzima, nikatumia mikono. Nilishika gauni lake. Nililishika kwa ngumi mbili, namna mtoto anavyoshika akipelekwa kudungwa sindano, na nikaanza kuvuta. Aligeuka akiwa tayari kunifokea. Alinitazama usoni. Halafu akatazama miguu yake, akayaona yale maji. "Ngai," akasema, polepole, na jembe akaliacha limesimama kwenye udongo. Hakuchukua karai. Alinishika mkono, si mimi niliyemshika, na tukapanda kwa upande, kupitia kwenye nepia, nikimsikia anavyohema. Tulikuwa hatujafika kwenye njia ya ng'ombe tulipousikia ukuta. Haukulia kwa kishindo. Ulitoa sauti kama ya mtu mnene anayeketi kwenye kochi. Tulipogeuka kipande cha chini kilikuwa kimeteleza, na shamba la nduma lilikuwa likienda, limesimama wima na majani yake yote, likienda kuelekea mtoni.

Bwawa lingebomoka lote kama Guka hangekuwa ameona. Alikuja na wanaume na majembe, wakauchimba mfereji ukawa na kina, wakaendelea kuchimba mpaka giza likaanza, maji yakashuka. Guka alisimama pale kwenye mfereji, akatazama nyasi zilizolala na alama za udongo mahali magunia yalipokuwa.

"Kuna mtu amefunga hapa," alisema. "Mama Wachira, wewe hupita hapa kila siku. Umeona mtu?"

Mama alikuwa amejaa matope mpaka magotini. Ni mama wa maombi. Hata bei ya maziwa hadanganyi. Alitazama mfereji, akatazama upande wa kichaka, akanitazama mimi.

"Hata mimi sijui, Guka," akasema. "Mvua imepitia kila mahali."

Mwaka ule uliobaki niliupitia nikiwa mtu mwingine. Guka alimwaga bwawa lote, akaleta mtu wa kazi hiyo, wakachimbua mizizi ya mkaratusi, wakashindilia udongo upya, na sehemu ya chini ya ukuta ikakatazwa kulimwa na yeyote. Mama alipewa shamba jingine juu, kavu, akapanda maharagwe. Shuleni watu waliniomba nimwigize Guka na kikombe chake, nikasema nimesahau. Desemba bwawa lilipojaa tena Guka aliniita, akanipa kigoda chake, akasema magoti yake yamechoka, kwa hivyo Jumapili mimi ndiye nitakayeketi ukingoni nikiwatazama wadogo. Sikujua kama alikuwa anajua. Nilitazama ile mitungi ya manjano mpaka macho yakauma. Mtoto mmoja aliporuka kamba kwa mzaha nilimtoa majini kwa sikio, nikamfokea mpaka akalia, na wenzake wakasema mimi ni mtu asiyejua mzaha. Guka amekufa hajaniambia anachojua, nami sikumwambia. Hiyo nitabaki nayo.

Lakini jioni ya siku ile nimeiruka makusudi, na sasa imebaki hiyo tu. Tulirudi nyumbani, mama akawasha moto, akaosha miguu kwenye karai la kuazima kwa sababu letu lilikuwa limeenda. Ndipo nikaona alikuwa amebaki na nduma moja. Alikuwa ameibeba mkononi muda wote ule, tukipanda, tukitazama, akiongea na Guka. Aliiosha, akaichemsha, akaikata vipande viwili, akaniwekea changu kwenye sahani na kikombe cha chai. Nikaviacha vipoe. Alitoka nje, akakawia sana. Nilisikia maji yakimwagwa, kitu kikikung'utwa, na aliporudi alikuwa na magunia matatu, yamelowa, uzi mwekundu unaonekana. Aliyatandaza moja moja kwenye kamba juu ya moto. Nilingoja kofi. Nililitamani, kusema kweli. Mlango wetu wa jikoni ulikuwa wazi, na nikitazama giza la nje nilihesabu kichwani kwa mara ya kwanza vitu ambavyo mtu anaweza kuona akiwa ameinama kwenye nduma na kutazama juu mara moja tu: ukuta, mfereji, kichaka, mtoto wake na anachokiburuta. Mama aliketi, akachukua kipande chake cha nduma, akakipuliza.

"Siku ingine uanze na mimi. Gunia tutashona zingine."